Fangasi wa Nyuzi Arobaini

Daktari Subilaga Mwaipopo alipoona fangasi ameota ndani ya kabati la joto la nyuzi arobaini, jambo la kwanza alilofanya ni kulilaumu kabati. Akalipima kwa kipimajoto kingine, akakuta liko sawa. Akachukua sahani mpya, akapanda sampuli upya, akasubiri. Fangasi akaota tena, mweupe, laini kama manyoya ya kifaranga.

Hapo alivuta kiti akakaa.

Kwa miaka mingi sasa watu wa nyanda za juu kusini walikuwa hai kwa sababu moja tu. Fangasi wa mapafu, yule aliyeimaliza robo ya mji wa Tukuyu katika mvua za mwaka mmoja, hakuweza kuishi penye joto la nyuzi arobaini. Dawa zilikwisha kumshindwa. Zilikuwa ndugu wa dawa zilezile zilizopuliziwa mashambani mwaka hadi mwaka, kwenye viazi, kahawa na parachichi, naye alikuwa amezizoea kama mtu anavyozoea pilipili. Basi wataalamu wakaacha kumfukuza fangasi, wakaanza kuuchemsha mwili. Kifaa walichokibuni kina jina refu ambalo hakuna anayelitumia. Watu wanakiita jiko. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya haragwe, kinapachikwa chini ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, na kazi yake ni kuyachochea mafuta ya mwili yaungue taratibu mpaka damu ifike nyuzi arobaini na ibaki hapohapo.

Mwenye jiko hula milo mitano, haachani na chupa ya maji, na kila Jumapili humeza kidonge cha kuulinda ubongo usiungue. Mwanamke akitaka mtoto huzimwa jiko lake, akakaa kwenye nyumba ya hewa iliyochujwa mpaka ajifungue, na mtoto hupachikwa lake akishaacha kunyonya. Hizo zilikuwa shida za kawaida, watu walishazizoea. Lakini maisha yote hayo yalisimama juu ya jambo moja, kwamba kwenye arobaini fangasi hufa. Na huyu hakufa.

Sampuli ilikuwa ya Gwamaka Mwakibete, mwalimu wa kwaya, mtu wa karibu miaka sitini, mzima wa afya. Alikuwa ametoa makohozi kwa sababu kwaya yake ilikuwa inakwenda kwenye mashindano Mbeya, na hakuna kundi lililoruhusiwa kuimba ukumbini bila kila mtu kupimwa kwanza. Maafisa wa afya walimkuta mazoezini. Alipowaona wamesimama mlangoni na barakoa zao, aliwaashiria wangoje, akawamalizisha sauti ya kwanza ubeti wao, ndipo akafunga kitabu na kuuliza, "Ni nani kati yetu?"

"Ni wewe, Mwalimu," wakamjibu.

Wanakwaya wote walipimwa mara tatu. Hawakukutwa na kitu.

*

Walimweka Mwalimu Gwamaka katika kituo cha utafiti kilichoko kilimani nje ya mji, kwenye chumba chenye ukuta mmoja wa kioo. Hakuwa na kikohozi wala maumivu. Fangasi alikaa kifuani mwake kama mpangaji asiye na kelele. Lakini kila pumzi aliyotoa ilikuwa na mbegu zake, na mtu mwingine angeweza asiwe na bahati kama yake.

"Shikamoo, Mwalimu," Subilaga alikuwa akimsalimu kila asubuhi kupitia kipaza sauti.

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniletea chai au umeniletea sindano?"

"Vyote viwili."

"Basi tuanze na chai."

Kazi ilikuwa hivi. Kwenye sahani, fangasi yule hakudumu. Ukimpanda mara tatu au nne mfululizo, vitukuu vyake vilirudi kuwa fangasi wa kawaida, wa kufa kwenye arobaini. Akigandishwa kwenye barafu, hakuamka. Sungura na panya hakuwashika kabisa. Ili abaki alivyo alihitaji kifua cha binadamu mwenye jiko, na kifua hicho duniani kilijulikana kimoja. Kwa hiyo kila wiki walimpitishia Mwalimu mpira mwembamba puani hadi ndani ya pafu, wakamwaga maji ya chumvi, wakayavuta tena pamoja na fangasi, kisha wakajaribu dawa mpya juu yake. Mpira ule ulimtesa. Machozi yalimtoka, na Subilaga, ndani ya suti yake ya plastiki, alimshika mkono mpaka ulipotolewa.

Dawa zilikuwa bado hazijaleta kitu Subilaga alipoamua kumjaribu fangasi kwa njia ya kinyume. Alimweka kwenye baridi. Hakumweka kwenye barafu, alimshusha tu mpaka nyuzi thelathini na nne. Baada ya siku chache sahani zote zilikuwa tupu. Akarudia, zikawa tupu tena. Alipochunguza akaelewa: fangasi alijifunza joto kwa kuisahau baridi, kama mtu aliyehamia kwenye joto la Kyela akagawa makoti yake yote. Mwili wa Mwalimu ukizimwa jiko na kupozwa kwa siku kadhaa, fangasi angekufa kabisa.

Alikwenda karibu akikimbia hadi ofisini kwa mkuu wake, Profesa Kemilembe. Profesa alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, ambaye katika mwaka wa kwanza wa ugonjwa, kabla ya majiko, alizika watoto wawili ndani ya wiki moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kazi nzuri sana, Subi," alisema. "Usimwambie."

Subilaga alidhani hakusikia vizuri. "Profesa?"

"Sikusema asiambiwe kamwe. Nimesema asiambiwe sasa. Nipe mwaka, mwaka na nusu, nitapata dawa ya huyu fangasi. Ukimponya Mwalimu leo, fangasi anatutoka mikononi. Duniani hatoki."

"Pengine anatoka. Wanakwaya wote ni wazima."

"Umewahi kumwona fangasi aliyeota mahali pamoja tu?"

Subilaga akasema, "Mwalimu anaamini hana tiba."

"Na pia haumwi. Anakula, analala, mke wake anamwona kila Jumamosi. Upande wa pili weka watu milioni nne wenye majiko, na watoto wao. Sikuulizi kama ni haki, Subi. Najua si haki. Nakuuliza upande upi ni mzito."

Subilaga alirudi maabara. Alitafuta jibu la swali lile kwa njia zote alizozijua, na kila mara mizani iliangukia alikosema Profesa. Basi akanyamaza. Aliendelea kupeleka chai asubuhi, ila hakukaa tena kupiga soga. Siku moja Mwalimu akamuuliza, "Kuna dalili yoyote ya tiba, mwanangu?" naye akajibu, "Tunatafuta, Mwalimu." Kweli walikuwa wanatafuta.

Aliyeuvunja ukimya wake ni Mama Tumpe, mke wa Mwalimu. Jumamosi moja, baada ya kumwona mumewe, alimngojea Subilaga koridoni. Hakuwa na hasira wala machozi. Alikuwa mtu aliyekuja na shida ya kawaida.

"Daktari, wanakwaya wananiuliza kama wachague mwalimu mwingine," alisema. "Sitaki kumuuliza mwenyewe, nitamvunja moyo. Wewe ndiye unayejua. Niwaambie wachague?"

Subilaga akaona hana neno hata moja la kumwambia mama huyu ambalo si uongo. Akamwomba asiondoke. Akaenda kuvaa suti ya plastiki, akaingia chumbani.

*

Alimweleza Mwalimu Gwamaka kila kitu akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Alimwambia kwamba tiba ipo, ni kupozwa, na kwamba nayo ina hatari zake. Moyo unaweza kusimama. Tena mtu asiye na joto anaweza kushikwa na fangasi wa kawaida, hata ndani ya chumba cha hewa safi. Akamwambia pia kitakachopotea: fangasi akifa, utafiti wa dawa unakufa naye.

Mwalimu alisikiliza akitazama mikono yake. Kisha akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Mwezi sasa, na zaidi kidogo."

"Juzi mliponitia ule mpira ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ulinishika mkono."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Afadhali usingenishika."

Nje ya kioo Mama Tumpe alikuwa amesimama na mkoba wake, akiwatazama bila kusikia.

"Nikikaa, dawa mtapata?" Mwalimu aliuliza.

"Huenda. Sina hakika."

"Nisipokaa?"

"Huenda wapo watu watakaokufa. Hilo nalo sina hakika."

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikiliza wimbo usiokaa sawa. "Mngeniuliza siku ileile, nadhani ningekaa. Mimi nikiombwa kitu huwa nashindwa kukataa, mke wangu ananigombeza kwa hilo. Lakini ninyi hamkuniomba. Mlinichukua kama mnavyochukua hizo sahani zenu." Alinyanyuka, akasogea mbali naye. "Nipozeni. Nataka kwenda nyumbani."

Profesa Kemilembe hakupiga kelele alipoletewa habari. "Akishajua, siwezi kumzuia," alisema. "Ndiyo maana nilikuomba asijue." Akaenda mwenyewe kusimamia matayarisho, maana alitaka kama kazi hii inafanyika ifanyike vizuri.

Jiko likazimwa. Mwalimu akalazwa juu ya godoro lililopitisha maji baridi, akapewa dawa ya kumlaza na ya kuuzuia mwili usitetemeke. Joto lake lilishuka taratibu, arobaini, thelathini na saba, thelathini na tano, hadi thelathini na nne, wakalishikilia hapo. Ngozi yake, ambayo kwa miaka ilikuwa nyekundunyekundu ya joto kama za watu wote, ilipauka. Siku ya tatu moyo wake ulianza kupiga ovyo, na kwa muda ambao Subilaga aliuona mrefu kuliko ulivyokuwa, haukupiga kabisa. Wakaushtua kwa umeme. Ukarudi.

Maji waliyovuta kifuani mwake baada ya hapo hayakuotesha kitu. Wakayarudia mara nyingi, hayakuotesha kitu. Jiko likawashwa tena, na Mwalimu Gwamaka akatoka kwa miguu yake, mkewe amemshika mkono. Sauti yake ilikuwa imeharibika na mipira iliyopitishwa kooni mwake. Hakuweza tena kuishusha mpaka chini ilikokuwa ikifika. Alipompita Subilaga mlangoni, alimtazama usoni, akaitikia kwa kichwa. Hakumshukuru, naye Subilaga hakutegemea shukrani.

Sahani zilizokuwa zimebaki maabara ziligeuka moja baada ya nyingine kuwa fangasi wa kawaida. Profesa alizikagua zote, kisha akalizima kabati la joto kwa mkono wake.

"Kyela wanahitaji mtu wa kukusanya sampuli," alimwambia Subilaga bila kugeuka. "Nadhani ni wewe."

*

Kyela ni bondeni, kuna joto, na mtu mwenye jiko hufika pale akajihisi yuko ndani ya chungu. Subilaga alipewa chumba kimoja, hadubini moja na kabati dogo la joto. Alizunguka vijijini akichukua makohozi ya wakulima wa kakao, na kwa nusu mwaka hakuona chochote. Alianza kuamini kwamba Profesa alikosea.

Ndipo alipoletewa Asajile Mwambungu. Alikuwa mkulima wa kakao, mwenye kifua kipana, aliyekuja ameegemea bega la mkewe, kichwa kinamuuma na anaona kila kitu viwiliviwili. Sampuli yake iliota kwenye arobaini. Walimpoza siku hiyohiyo, kila kitu kikaenda kama kilivyokwenda kwa Mwalimu Gwamaka, na mapafu yakasafika. Lakini fangasi alikuwa amekwisha kufika kwenye ubongo, na huko alikoota mizizi baridi haikumuua, ilimlaza tu. Walipompasha Asajile joto, fangasi aliamka naye. Asajile alikufa baada ya wiki moja. Wakafuata wengine wawili, nao walikuja wamechelewa vilevile.

Wote watatu walikuwa waimbaji. Mwaka mmoja kabla Mwalimu Gwamaka hajapimwa, walikuwa wamehudhuria semina aliyoiendesha palepale Kyela.

Profesa Kemilembe alipiga simu. "Sikupigii kukulaumu," alisema.

"Najua."

"Kama tungekuwa na ile miezi, Subi..." Hakumalizia. Akauliza waliokaa na marehemu wamepimwa wangapi.

Subilaga alikuwa amewapima wote. Majibu ya mwisho yalikuwa ya mjane wa Asajile, na aliyapeleka mwenyewe, kwa miguu, hadi nyumbani.

Sekela Mwambungu alikuwa uani akigeuza kakao kwenye vichanja vya kukaushia kwa reki ya mbao. Alikuwa mwanamke wa rika la Subilaga, amevaa kaniki ya msiba. Binti yake, Lugano, alikuwa amepelekwa kwa shangazi tangu mazishi, na vipimo vya mtoto vilionyesha yu mzima.

"Pole na kazi, dada," Subilaga alisema, amesimama mbali kidogo na barakoa yake.

"Nishapoa." Sekela hakuacha kugeuza. "Nimesikia jambo kanisani. Wewe ndiye daktari uliyemponya Mwalimu Gwamaka?"

"Ndiye mimi."

"Wanasema kama ungemwacha kule alikokuwa, dawa ingekuwa imepatikana. Na baba Lugano angekuwa hai."

"Inawezekana," Subilaga alisema.

Reki ikasimama. Sekela alikuwa amejiandaa kwa kukanushwa, na sasa hakujua pa kuipeleka hasira yake. "Inawezekana tu?"

"Siwezi kusema ndiyo, na siwezi kusema hapana. Lakini inawezekana. Niliambiwa nisimwambie kwamba ana tiba, mimi nikamwambia."

"Kwa nini?"

"Mwili ulikuwa wake."

"Na wa mume wangu ulikuwa wa nani?"

Kuku walikuwa wakidonoa chini ya vichanja. Sekela alimtazama daktari vizuri, akatazama begi alilobeba, akaelewa.

"Imeota," alisema.

"Imeota. Keti, dada. Nataka nikwambie yote sasa hivi, yale ya kukusaidia na yale ya kutusaidia sisi."

Sekela aliketi juu ya kigogo. Subilaga alimwambia kwamba fangasi wake bado yuko kifuani tu, kwamba anaweza kupozwa kesho na akapona, na kwamba moyo wa Mwalimu Gwamaka ulisimama akipozwa. Kisha akamwambia kwamba kwa sasa yeye ndiye mtu pekee anayejulikana kuwa na fangasi huyu akiwa hai na mzima, na kwamba akikubali kukaa naye kwa muda, wanaweza kutafuta dawa ya kuwafikia wale ambao baridi haiwafikii, walio kama Asajile. Alimweleza habari za mpira wa puani. Hakuyapunguza maumivu yake.

"Na fangasi akipanda kichwani nikiwa hapo kwenu?"

"Tutakupima ubongo kila siku. Akionekana tu, tunakupoza saa hiyohiyo. Lakini siwezi kukuapia kwamba tutamwona mapema."

"Nikikataa?"

"Nakupoza kesho. Sitakuuliza mara ya pili, na hakuna atakayekuuliza."

Sekela aliokota punje moja ya kakao iliyoanguka, akaivunja kwa kucha, akaitazama ndani kama imekauka.

"Mpaka masika yaishe," alisema hatimaye. "Yakiisha mnipoze, dawa iwepo isiwepo. Na Lugano awe anakuja nimwone. Na nikisema leo sitaki mpira, siku hiyo hakuna mpira."

"Sawa."

"Sifanyi hivi kwa sababu nimekusamehe."

"Najua, dada."

Subilaga alisogea pembeni ya nyumba akampigia Profesa. Alimweleza masharti yote matatu. Profesa akasema, "Masika hayatoshi, Subi. Unajua hayatoshi. Mwombe atuongeze."

"Sitamwomba. Huo ndio muda aliotupa."

Akamsikia Profesa akivuta pumzi ndefu, na nyuma yake mlio wa kabati la joto likiwashwa.

"Basi mlete leo," Profesa alisema. "Gari la kumchukua nililituma asubuhi, liko njiani. Tusipoteze hata saa moja."

Aliporudi uani, Sekela alikuwa amesimama tena kwenye vichanja. "Gari litafika sasa hivi," Subilaga alimwambia. "Profesa anataka tuondoke mara moja."

"Litangoja," Sekela alisema. "Kakao ya upande ule bado mbichi. Nikiiacha hivi itaoza, na shemeji hafiki mpaka jioni."

Subilaga alitazama vichanja. Vilikuwa virefu, vimejaa, na jua lilikuwa kali. Aliweka begi chini, akaiona reki nyingine imeegemezwa ukutani, akaichukua, akaanza kugeuza kutoka upande wa pili.